Ushuhuda Hausemwi Njiani

Kwa miaka tisa nilimpa rafiki yangu kidonge kimoja kila jioni, saa kumi na mbili, nikasimama hapo mpaka ameze. Mtu mzima, mpiga gitaa anayejulikana mtaa mzima wa Kadutu. Alikuwa na kifafa, na hakuna aliyejua ila mimi, mama yake na muuguzi wa kituo cha afya.

Kazi hiyo nilijipa mwenyewe. Siku moja, kwenye harusi huko Nyawera, alianguka jukwaani katikati ya wimbo, na wageni wakadhani ni mtindo mpya wa kucheza, wakampigia makofi. Nilimbeba huku nikitukana. Kumbe alikuwa hajameza dawa siku nne, hajui alikoiweka. Baadaye tuliikuta ndani ya gitaa lake. Vidonge vilikuwa vimetumbukia kwenye tundu, naye alikuwa akipiga, vinalia kama kayamba, na akaona sauti imependeza. Tangu hapo dawa ikakaa kwangu.

Sijui nimweleze vipi. Akikuahidi saa nane, mngojee kesho. Aliwahi kurudi kutoka matangani miguu mitupu, viatu kampa mtu aliyekuwa anakwenda Kalehe kuomba kazi. Ukimgombeza, yeye ndiye anayekupa pole. Hata wokovu aliupata kwa kukosea siku. Kanisa moja la uamsho karibu na kwao lilimwita apige gitaa kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi, yeye akafika Alhamisi, akakuta akina mama wanasali. Akaona haya kutoka, akakaa, akalia. Nilipomuuliza alilia nini, alisema hajui, labda kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba amekosea siku.

Mwezi haukuisha, akaacha kuja kwangu jioni.

Siku ya kwanza nilisema ni kawaida yake. Siku ya pili nikashuka kwao katika matope, dawa mfukoni. Nikamkuta uani anafua nguo, jambo ambalo lenyewe lilinitisha.

“Mwalimu,” akasema, “usijisumbue tena na ile dawa.”

“Usijisumbue namna gani? Unameza nini, na dawa yote iko kwangu?”

“Bwana anatenda mambo.” Alikuwa anatabasamu peke yake. “Nitatoa ushuhuda siku ya Mungu. Ukuye, utasikia.”

“Niambie sasa hivi.”

“Hapana, Mwalimu. Ushuhuda haisemwake mu njia. Ukiisema mbele ya kuifikisha ku madhabahu, inapotea.”

Ndiyo desturi yao: mtu akitendewa jambo, hamwambii yeyote, hata mamaye, mpaka aliseme mbele ya kanisa. Na kwa kuwa wenye mambo walikuwa wengi, jina lake lilikuwa chini kabisa kwenye orodha. Zilibaki Jumapili tatu.

Jumapili tatu! Niliwahi kumzika mwanafunzi wangu mwenye ugonjwa huohuo. Wazazi wake waliambiwa kanisani kwamba amekwisha kupona, wakatupa dawa, naye akaangukia motoni. Kwa hiyo nilijua ushuhuda wa rafiki yangu utakuwa upi, na nilijua mwisho wake. Ila kila nilipokwenda kumfokea nilimkuta mzima, amenyoa ndevu, amefika nyumbani kwake saa ileile aliyosema. Nikachanganyikiwa. Sikujua nimkasirikie nani, yeye, mchungaji au Mungu, nikawa namkasirikia mke wangu kwa sababu alikuwa karibu.

Jumapili yake ilipofika nilikosa misa yangu, nikaenda kukaa kwenye benchi la mbele kwao. Nilikuwa nimeamua: akisema amepona tu, nasimama, namkanusha mbele ya watu wote, na urafiki ufe ikibidi, mradi yeye asife.

Wakamwita. Alipanda na shati la kwaya alilolivaa ndani nje, akashika maikrofoni.

“Miye niko na kifafa,” akasema.

Miaka tisa nilikuwa nimeidanganya bendi yake kwamba ni malaria, na leo anaitangaza siri hiyo kwenye spika, mpaka wapita njia wanasikia.

“Mungu hajaniponyesha kifafa.” Mchungaji akageuka kumtazama. “Lakini munanijua. Hakuna kitu sisahauke. Basi nilienda miye mwenyewe ku hopitali, nikapanga mustari, nikapewa dawa. Kila magaribi nikimaliza kusali, nameza. Ni wiki tatu sasa. Sijasahau hata siku moja. Miye!”

Nadhani watu walingoja sehemu iliyobaki, ya kuponywa. Kisha mama mmoja wa viti vya nyuma, ambaye bila shaka aliwahi kumngoja mahali fulani, akapiga vigelegele, wengine wakamfuata, na mchungaji akasema amina kwa kuchelewa.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kweli, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Lakini chini ya furaha hiyo palikuwa na uchungu ambao sikuuelewa na ulionitia aibu. Nilikuwa nimeachishwa kazi.

Nje nikamvuta pembeni. “Na mimi sasa niko wa nini?” Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka.

Hakunielewa. “Kesho ukuye kwangu,” akasema.

“Kufanya nini?”

“Kukaa, Mwalimu. Kufanya nini tena?”

Nikaenda. Mama yake alitupatia bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, tukala, rafiki yangu akanisimulia habari ya kwaya akianzia mwisho kama kawaida yake. Sikujua niweke wapi mikono. Saa kumi na mbili ilipofika aliacha maneno katikati, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikasikia anasali, kisha kimya. Akatoka, akakaa, akaendelea pale alipoachia.

“Umemeza?” nikauliza.

“Ndiyo, Mwalimu.”

Mlango ulikuwa umefungwa, sikuwa nimeona kitu. Miaka tisa sikuwahi kuliamini neno lake hata moja, si la saa, si la siku, si la mahali. Jioni ile sikuwa na njia nyingine ila kuliamini.