Manowari na Mahari

Jamani, hii aibu nilitaka kuzikwa nayo, lakini mke wangu ameshaisimulia nusu ya Ukerewe na Mwanza nzima, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe. Siku hiyo tulivuka kwenda Nansio kumposa huyu huyu Nyangeta, mimi na baba mdogo aliyekuwa mshenga, na kivukoni akanionya, "Kule wewe ni bubu. Mposaji akitaja mahari kwa mdomo wake, tunafukuzwa." Nikakubali (mimi na cheti changu cha Kiswahili cha masomo ya jioni, nishindwe kunyamaza?).

Sebuleni kwao kulikuwa na picha ya kuchorwa, kubwa kuliko mlango, manowari baharini baada ya mapigano, moja imelala ubavu, nyingine zinafuka moshi, maji meusi kwa mafuta. Ili nisije nikaropoka, nikaamua niikodolee macho hiyo, na hapo ndipo nilipojiponza, maana baba yake Nyangeta, mzee aliyefanya kazi melini miaka mingi, alidhani nimeipenda, akasogea akaninong'oneza, "Hapo mahari si pa mchezo, kijana. Watu wengi wamefia hapo."

Kumbe waposaji walishakuja kabla yangu?

"Wamefia, baba?"

"Eeh. Na wariopona waritoka hata nguo hawana."

Ububu ukaniisha palepale. Nikapiga magoti mbele ya mashangazi wote wa Nyangeta. "Baba, shikamoo tena. Naomba mahari mnipunguzie, nguo zangu zenyewe ndizo hizi."

Baba mdogo akapaliwa na soda. Mzee akaitazama picha, akanitazama mimi. "Nipunguze nini? Nakwambia habari za meri."

Alikuwa anasema mahali! Sisi wa kanda ya ziwa l na r tunazibadilishana kama majirani wanavyoazimana chumvi, na lile "pa mchezo" lilikuwa linanipigia kelele kwamba hii ni ngeli ya PA (kwenye mtihani niliipata yote), lakini nani anakumbuka ngeli wakati anaona wenzake wakivuliwa nguo.

Mashangazi walicheka mpaka mmoja akatolewa nje kupepewa. Baba mdogo alikuwa ameshavaa kofia yake, mzee akamzuia.

"Kaa, mshenga. Binti tunampa, huko hatakosa cha kumchekesha. Mahari yenyewe ameiogopa kabla hatujaitaja, basi haipungui hata mkia mmoja wa ng'ombe."

Na haikupungua. Nimeapa, ukweni sifungui tena mdomo mpaka nisikie ngeli.