Nilivyofagia Ukurasa

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya kompyuta mjini Nyeri, na nilikuwa na ukurasa wangu kwenye intaneti. Msinicheke. Kampuni moja ya ng'ambo ilinipa nafasi bure, nami kila Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaleta barua zao za kuomba kazi, niliandika habari za nyumbani Endarasha: baridi imeunguza viazi, ng'ombe mwekundu amezaa, mama amegombana na kwaya.

Nilimwandikia mtu mmoja tu. Kaka yangu aliondoka kwenda Marekani akiwa amekosana na baba kwa ajili ya shamba, na baba akazikwa bila yeye. Miaka minne, barua hakuna, simu hakuna. Anwani ya ukurasa nilimfikishia kupitia rafiki yake, hakujibu. Lakini chini ya ukurasa kulikuwa na kihesabu cha wageni, na kila wiki, nikiondoa mara nilizoingia mimi, kiliongezeka moja.

"Amekuja?" mama aliniuliza kila Jumamosi nilipofika nyumbani.

"Kuna mtu amekuja."

Basi ile kampuni ikaanza kubandika matangazo ya kamari juu ya habari zangu. Juu ya matanga ya baba, jamani, kamari! Nilishikwa na hasira, nikatafuta kampuni nyingine, nikahamisha kila kitu kwa disketi, asubuhi tatu nzima. Nilipomaliza nikafuta yote kule nilikotoka na kufunga akaunti. Nyumba ya kupanga ukihama unaifagia, mwenye nyumba asikuseme. Ndivyo nilivyolelewa.

Jumamosi nikamsimulia mama kwa madaha, yeye akimenya viazi.

"Na huko ulikotoka, umemwachia nani habari kwamba umehama?"

Hata kinyozi akihama huandika kwa chaki mlangoni, tumehamia pale ng'ambo ya barabara. Mimi na vyeti vyangu sikuandika neno.

Mama akaweka kisu chini. "Kwa hivyo mtoto wangu akija leo atapata nini?"

"Hatapata kitu."

"Ngai!" Hakunisemesha tena mpaka tulipotoka kanisani kesho yake. Nilijichukia, sitaficha.

Wiki nzima nilijaribu kulirudisha lile jina la ukurasa wa zamani. Wapi! Kila mara niliambiwa halipatikani tena. Kihesabu kipya nacho kilinihesabu mimi mwenyewe tu, nikiingia na kutoka.

Jumamosi iliyofuata, mke wa mwenye duka la chakula cha mifugo akaja mbio kutuita. Kulikuwa na simu. Kaka aliwahi kufanya kazi pale dukani alipomaliza shule, na kumbe namba hakuisahau. Mama alifika na malapa tofauti miguuni. Nilisimama karibu naye hata nikasikia sauti ya kaka ikitetemeka.

"Ni nani amekufa? Nimekuta kila kitu kimefutwa. Ni mama?"

Nilimshika mama mkono, nami nalia.

"Mama ndiye huyu," akasema hatimaye. "Mama ndiye unayeongea naye."

Wakaongea mpaka mwenye duka akafunga mizani yake na kutuachia kiti. Tukirudi nyumbani mama alitembea pole pole, akipangusa uso kwa leso. Tulipofika kwenye lango akasimama.

"Ule ukurasa wako," akasema, "mwaka ujao, hata kama huhami, ufagie tena."