Karatasi Fupi ya Ozella Tatum

Ozella Tatum alizaliwa Oklahoma, katika kibanda cha wachuma pamba, mikononi mwa mkunga aliyeandika majina ya watoto kwenye daftari la shule. Mkunga alikufa, daftari likapotea, na kabla mtoto hajaota meno baba yake aliipakia familia nzima kwenye gari bovu wakaifuata pamba hadi Arizona. Hakuna ofisi iliyowahi kuandika kwamba amezaliwa. Kwa miaka sabini na minane jambo hilo halikumsumbua. Alichuma pamba, akafua mashuka ya hospitali, akaolewa na Vernell, akamzika. Gari hakujifunza kuendesha. Watu walimwona yupo, ikatosha.

Alipokuwa na miaka kumi na minne alimsindikiza baba yake mjini kujiandikisha kupiga kura. Sheria ya jimbo siku hizo ilimtaka mtu asome kifungu cha katiba mbele ya karani. Baba aliishika ile kadi, kofia kwapani, akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Macho yananisumbua leo," alisema.

"Basi njoo yakipona," karani alijibu bila kuinua kichwa.

Nyumbani mama aliuliza, "Wamekuandika?" Baba akasema wamemwandika. Novemba ilipofika alivaa suti yake ya kanisani, akatoka asubuhi, akarudi jioni akisema amepiga kura, na mama akampikia kunde kwa mkia wa nguruwe kama siku ya sikukuu. Ozella alikula akiitazama sahani yake. Hakumwambia mtu, wakati ule wala baadaye.

Baba alikufa mwaka sitini na nane. Miaka miwili baadaye Washington, serikali kuu, ilipiga marufuku mitihani ya kusoma kwa wapiga kura katika kila jimbo. Ozella alipopiga kura yake ya kwanza aliichukua ile kofia, akaishika kwapani mpaka alipomaliza. Tangu hapo hakukosa uchaguzi hata mmoja.

Magoti yalipomshinda, binti yake Lavonne alikuja kumchukua akakae naye Palo Seco, mji ulio maili arobaini tu, lakini kaunti nyingine. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna aliyeliona. Kule alikotoka jina lake lilikuwa la zamani kwenye daftari la wapiga kura, na walioandikwa zamani hawakudaiwa ushahidi wa uraia. Kuvuka mpaka wa kaunti kulimfanya mpya. Alijaza fomu ya Washington ya kujiandikisha, akaapa kwamba ni raia, akatia sahihi. Mnamo Septemba kaunti ilimwandikia: jimbo linataka hati ya kuthibitisha uraia. Aliwaandikia Oklahoma kuomba cheti cha kuzaliwa. Jibu lilikuja wiki mbili kabla ya uchaguzi, mistari miwili: hatuna kumbukumbu ya mtu huyu.

Alizificha barua zote mbili ndani ya Biblia. Lavonne alikuwa akigombea bodi ya shule, akigonga milango kila jioni hadi viatu vimepinda visigino. Kwenye friji alikuwa amebandika karatasi ya kura ya mfano, jina lake likiwa la kwanza kabisa kwenye orodha, limezungushiwa kalamu nyekundu. "Mama, wengine wote wakinikimbia, kura yako ninayo," alipenda kusema. Ozella alicheka naye kila mara. Moyoni alitumaini kwamba siku yenyewe, mezani, mtu atamtazama usoni na kuona upuuzi wa jambo lile.

Siku ya kura, kwenye meza ya kituo, alikaa Bwana Kessler, mwalimu mstaafu, mpole. Alitafuta jina, akaondoka, akarudi na karatasi fupi ya kura.

"Yangu mbona imekatwa?"

"Haijakatwa, bibi. Yako ni ya serikali kuu tu. Rais, seneta, mbunge. Ya jimbo na ya hapa kwetu inahitaji hati."

"Washington wanasemaje?"

"Kwamba kiapo chako kinatosha."

"Na jimbo?"

"Kwamba hakitoshi."

"Kwa hiyo kwa rais mimi ni raia. Kwa bodi ya shule ni mgeni."

Kessler alivua miwani akaifuta. "Sikuitunga mimi, bibi."

"Najua. Hata yule karani wa kwanza hakuitunga yeye."

Hakuelewa ni yupi, na Ozella hakumweleza. "Mwanangu yumo kwenye ile ndefu," alisema tu.

"Nimeona mabango yake. Pole."

"Bi mkubwa," mwanamume mmoja alisema nyuma yake kwenye foleni, si kwa ubaya, "sisi huku tunaota mizizi."

Alisogea. Kibandani alipaka wino duara tatu, akabaki amesimama, kalamu mkononi, kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni.

Jioni Lavonne aliivua miguu viatu akaiweka juu ya kiti. "Haya, Mama. Uliliona jina langu?"

"Ningeachaje kuliona?"

"Lilikuwa wapi?"

Ozella alikuwa akikata mkate wa mahindi. "Chini kabisa," alisema. "Wamekuweka mkiani, nikakutafuta mpaka miwani ikaingia ukungu."

Lavonne alimtazama. Kisha akavuta sahani karibu. "Ndiyo, Mama," alisema taratibu. "Mkiani kabisa. Nisogezee na siagi."

Kura zilihesabiwa siku tatu. Lavonne alishindwa kwa kura sitini na tatu, na kwa waliompigia simu kumpa pole alijibu kwamba angalau ya mama yake aliipata.

Lakini tangu asubuhi iliyofuata siku ya kura Ozella alikuwa ameshajua kwamba binti yake hakudanganyika. Aliamka kuchukua maziwa, akaukuta mlango wa friji mtupu. Ile karatasi ya mfano ilikuwa imebanduliwa, kwa uangalifu, bila kuacha hata kipande cha gundi. Alisimama pale akimsikiliza binti yake akitembea polepole chumba cha pili, akamkumbuka baba yake akila kunde zake. Kwa mara ya kwanza akajiuliza kama mama naye alijua.