Kontena Lililoondoka na Majina ya Wachangiaji Damu

Saa nane mchana, na Mama Seva hajagusa chakula. Amekaa upande, tumbo la miezi saba likigusa meza ya sebuleni, kidole juu ya kitufe.

"Nikifika hapa moyo huwa unataka kunitoka," ananong'ona. "Usidhani natania."

Mbele yake inanguruma kompyuta yake mwenyewe, kuukuu, iliyotunza majina ya wachangiaji damu zaidi ya mia nne. Hospitali ndogo ng'ambo ya barabara haina mashine ya kazi hiyo. Inamtegemea yeye, fundi wa kompyuta anayejitolea.

Jina la Mama Seva kabandikwa na mumewe, fundi cherehani, kwa kuwa kompyuta ya kuhudumia wengine huitwa seva. "Humu ndani mimi mgeni tu," anatania mume kutoka pembeni. "Mwenye nyumba ni hiyo mashine."

Hifadhidata, yaani orodha hiyo ya majina, anaiendesha ndani ya kontena: chumba kilichojitenga ndani ya kompyuta, unachoweza kukibomoa na kusimamisha kingine kufumba na kufumbua. Wepesi huo ndio uliomponza.

Mwaka jana alitaka toleo jipya la programu. Akabomoa kontena la zamani, akasimamisha jipya, akafungua orodha. Tupu! Majina alikuwa ameyaacha ndani ya kontena badala ya kuyaweka kwenye folda ya nje yake. Nakala hakuwa nayo.

"Nikaifungua tena orodha, bado tupu. Halafu simu ikaita."

Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. "Dada, kuna mzazi anavuja damu, na kundi lake ni lile adimu. Nipe mtu, haraka!"

Mtu wa kumpa hakuwepo. Akaanza kupiga kila namba aliyoikuta kwenye simu yake, akiuliza watu damu yao ni kundi gani. Wengine walimkatia wakidhani ni tapeli. Hatimaye akapokea mchomeleaji wa mageti.

"Kundi hilo ni langu, shemeji. Nakuja."

Alikwenda na masizi yake usoni. Mzazi akapona.

Sasa majina, aliyoyakusanya upya mmoja mmoja, yanakaa kwenye folda ya nje, na nakala iko kwenye flashi kabatini, chini ya mashuka. Woga, hata hivyo, haujahama.

Leo kuna toleo jipya tena. Mama Seva anabonyeza. Kontena linabomoka. Cherehani inanyamaza. Skrini inabaki nyeusi, na mume naye amesimama, futi ya kupimia shingoni.

Jipya linasimama. Jina la kwanza analolitafuta ni la mchomeleaji. Lipo.

"Yarabi," anasema, na machozi yanamtoka.

Jumatatu muuguzi yule anaanza kuja kufundishwa kuendesha orodha, na hospitali imeahidi kutafuta kompyuta yake yenyewe. Mama Seva anaomba yote yatimie kabla ya miezi miwili kwisha. Anashika tumbo lake.

"Nilipopimwa kliniki kwa mimba hii ndipo nikajua: damu yangu mimi ni lile lile kundi adimu. Siku nikilazwa pale wodini, nikianza kuvuja, muuguzi atampigia nani simu? Mimi?"