Maji Yanajaa kwenye Picha ya Kome

Kazi yangu ni kuuza picha za kuchorwa za kizamani za Waingereza, zile wanazoziita za Kiviktoria: ng'ombe mtoni, wavunaji wa ngano, wavuvi wanashona nyavu. Hapa Johannesburg wazee wa kizungu wakifa, watoto wao wako ng'ambo, vitu vya nyumba vinauzwa vyote, nami nafika. Shule niliishia la tatu, majina ya wachoraji pale chini siyasomi vizuri. Nanunua ninachokipenda.

Jirani yangu hapa Bellevue, fundi cherehani wa Kongo, hunicheka: "Papa, wazungu wenye walishakufa, nani atabanunua?" Wananunuliwa. Yeye mwenyewe alichukua ya ng'ombe, ameitundika juu ya cherehani. Lakini si ya ng'ombe ninayotaka kuisema.

Kulikuwa na moja ya pwani. Pwani ya kwao, ya kijivu, baridi yake unaiona. Wanawake watatu wameinama matopeni wanaokota kome, magauni wameyapandisha, na mmoja, karibu kabisa na maji, ana kilemba chekundu, kapu lake nyuma yake. Niliitundika chumbani ikimsubiri mama mmoja mwenye duka, aliyesema atakuja kuinunua Jumamosi.

Sasa, mke wangu siku hizi kichwa kimemwacha. Asubuhi ananijua, jioni ananiita mjomba. Sisi watu wa Tanga, na yeye kakua akiokota kome na dada yake mkubwa, aliyemlea, Mungu amrehemu. Basi kuiona ile picha, akafurahi furaha ambayo nilishaisahau.

"Dada huyo! Mwone na kilemba chake!"

Nami nikasema ndiye. Ningesemaje?

Mtu wa bara angeishia hapo. Lakini mtoto wa pwani akiona maji anauliza yanatoka au yanajaa. Ilipofika alasiri akaanza: "Maji yanajaa! Waambie watoke!"

"Yanatoka hayo, mke wangu."

"We mjomba mtu wa wapi? Huoni povu?"

Nikalitazama povu. Kweli, yalikuwa yanajaa. Nikiishusha picha, analia nimemficha dada. Nikiirudisha, anapiga kelele watoke. Nikashusha, nikarudisha, wiki nzima.

Ijumaa nikaenda msikitini. Kurudi, namkuta amepanda kiti, sifongo ya vyombo mkononi na ile sabuni ya unga ya kusugulia masufuria, jasho linamtoka. Amesugua bahari yote mpaka kitambaa cha picha kimetoka cheupe.

"Nimeyarudisha," akaniambia.

Hata kukasirika sikuweza. Nilimshika tu kiuno asianguke, nikamteremsha.

Mama wa duka alikuja, akaitazama, akasema, "Eish, mzee," akanigusa bega, akaenda zake. Hilo ningelimeza. Lakini katika kusugua, yule wa karibu na maji naye ametoka. Wamebaki wawili. Jioni ile mke wangu aliketi mbele ya picha, akawa anawapitia kwa kidole, anarudia.

"Dada yuko wapi?"

"Ametangulia nyumbani."

Akainama karibu zaidi.

"Mjomba, na kapu ameliacha?"

Kapu liko palepale matopeni, sifongo haikulifikia. Kila jioni ananiuliza, nami naishia kulitazama tu.