Maoni Yasiyo na Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu kila sare ya shule aliyoshona aliiachia pindo pana, ili mtoto akirefuka sketi nayo imfuate. Kazi aliifanyia barazani kwake, kwenye cherehani ya miguu, mgongo ukielekea ukuta ambao yeye na marehemu mumewe waliukandika kwa mikono yao. Kiwanja kile kilikuwa ndiyo mali yake yote. Lakini sera ya ardhi iliyokuwapo haikumjua mjane. Ardhi ya familia ilishikwa na mwanamume, na mwanamume aliyebaki alikuwa shemeji yake.

Shemeji hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Asubuhi moja alikuja na mgeni aliyevaa viatu vya ngozi, wakaupima uwanja kwa hatua huku Mama Pindo akihangaika kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ukakataa kuingia.

"Endelea tu na kazi, shemeji," alisema yule ndugu wa mumewe kwa upole. "Sisi tunanyoosha miguu."

Haukupita muda mrefu, ikatangazwa kuwa tume ya kupitia upya sera ya ardhi itakaa kwenye ukumbi wa shule kusikiliza wananchi. Muuza mkaa, mama jirani yake, alimjia mbio, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Twende ukaseme! Wanataka kujua kama jina la mke liandikwe kwenye hati pamoja na la mume. Si jambo lako hilo?"

"Wewe una mdomo, mwenzangu. Mimi nina cherehani."

"Na wakikutoa hapa hiyo cherehani utaiweka wapi? Kichwani?"

Walicheka wote wawili, ila kicheko cha Mama Pindo kiliishia njiani.

Ukumbini shemeji alikaa kiti cha nyuma yake, karibu kiasi cha kumsikia akipumua. Wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine wakanena juu ya mipaka na malisho. Pembeni kulikuwa na kimeza cha karani, binti mmoja, kwa wale wanaoogopa kusema mbele za watu. Mama Pindo alinyanyuka kama anayekwenda chooni, akazunguka nyuma ya nguzo, akainama sikioni mwa yule binti na kunong'ona. Jina hakulitaja. Aliporudi kitini, shemeji aliinama mbele.

"Tumbo, shemeji?"

"Tumbo."

Sasa, tume ile ilikuwa na utaratibu wake. Maoni yote husomwa hadharani, mwenyewe akayakubali, mtu asije akatunga ya uongo. Utaratibu mzuri, kwa watu wasiomwogopa yeyote. Hakuna aliyejiuliza utamfanya nini mtu aliyenong'ona. Karani akashika kipaza sauti, akasoma kwa sauti safi:

"Mjane asitolewe kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Waandikwe wote wawili tangu mwanzo, maana mmoja akishafariki, aliyebaki hana wa kumtetea."



"Mwenye maoni haya asimame athibitishe," karani alisema. "Yasiyo na mwenyewe tunayafuta."

Shingo zikageuka huku na huku. "Asimame tumwone!" mtu alipaza sauti. "Au ni maoni ya jini?" Watu wakaangua kicheko.

Mama Pindo aliganda.  Karani alikwisha shika kalamu, tayari kukata. Hapo pumzi ya moto ikamfikia shingoni.

"Shemeji," sauti ile ya upole ilisema, "tumbo limepona?"

Shemeji alijua. Kukaa kimya kusingemficha tena. Kungeyafuta tu maneno. Mama Pindo alishika kiti cha mbele, akasimama.

"Ni yangu. Msiyafute."

"Asante, mama," alisema mwenyekiti wa tume, akanywa maji, akamwita mwingine. Ndivyo walivyomwacha. Anayemwita mnyonge aseme kweli mbele ya anayemwonea, kisha akafunga mkoba na kuondoka, hajamaliza kazi yake. Amemwonyesha tu mwindaji mahali pa kulenga.

Jua lilikuwa bado kali Mama Pindo alipofika kwake. Shemeji alikuwa ametangulia. Alikuwa amekaa barazani, kwenye kigoda cha Mama Pindo, mguu ukikanyaga cherehani taratibu. Gurudumu lilizunguka bure, bila uzi wala kitambaa.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Hiyo sera mpya itatoka lini?"

"Wamesema mwakani."

"Mwakani." Alikanyaga tena, mara moja. "Mbali, shemeji." Kisha akajipangusa suruali, akaondoka bila kugeuka.

Muuza mkaa alikuja na mkeka kwapani. "Leo nalala kwako. Mume wangu atakula alichokipika mwenyewe, akome."

Safari hii Mama Pindo hakucheka. Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa bado na joto la yule mtu, akavuta sketi iliyokuwa ikimsubiri, akaikunja pindo pana. Kila mara hatua zilipopita barabarani, aliisimamisha cherehani akasikiliza mpaka zilipofifia. Kisha akakanyaga tena.