Presha Mbili na Kulungu Mmoja

Nimechuna kulungu miaka ishirini na sita, na sikuwahi kuletewa kulungu mmoja na watu wawili wanaotaka kupigana ngumi.

Mpaka Jumamosi ile.

Naitwa Merle. Nina bucha ndogo huku kaskazini mwa Wisconsin, na msimu wa kuwinda kwa bunduki ukifika, siku zile tisa, ng'ombe simgusi kabisa. Ni kulungu tu. Wanaletwa kwenye pikapu, kwenye matrela, na kuna mmoja aliwahi kufika kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, kafungwa mkanda kama abiria.

Sasa siku ya ufunguzi, saa tano asubuhi, ikaingia pikapu ya Duane Halvorsen. Nyuma yake, karibu imgonge, ikaja pikapu ya mdogo wake, Curt.

Wote wana zaidi ya miaka hamsini. Makoti yao ya uwindaji, ya rangi ya chungwa, yana damu, na nyuso zao nyekundu kuliko hiyo damu.

"Merle, huyu kulungu ni wangu," akasema Duane.

"Muulize kampiga na nini," Curt akadakia. "Na maneno?"

Nikachungulia nyuma ya pikapu. Dume lenye pembe za matawi kumi. Loo! Nikaelewa kwa nini watu hawasalimiani.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Hao ndugu wawili wote wanatumia bunduki iitwayo mia tatu na nane, kwa unene wa risasi yake, ambayo huku kwetu utaikuta karibu kila nyumba. Mwezi wa nane Duane akanunua bunduki mpya ya namna ileile, na boksi la risasi za kisasa. Za presha kubwa. Ganda ni la ukubwa uleule, lakini ndani baruti inasukuma kwa nguvu zaidi, basi risasi inatoka na mbio za ajabu. Bunduki yake imetengenezwa kuzihimili, kwa hiyo hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni mdomo.

"Yangu ni ndege," alikuwa anamwambia Curt kila wakikutana. "Yako ni baiskeli. Tena ya kukodi."

"Kulungu hajui presha," Curt anajibu. "Mimi nawaangusha na hizihizi tangu nikiwa na nywele."

Mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, wimbo ni huohuo. Kanisani, kwenye mnada wa matrekta, kwenye mazishi ya mjomba wao. Jamani, kwenye mazishi!

Kwa hiyo pale mlangoni kwangu hawakuwa wanagombania nyama. Walikuwa wanagombania nani atafunga mdomo mpaka kufa.

Nikawauliza, "Ilikuwaje?"

Duane akaanza. Yeye alikaa upande mmoja wa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, Curt upande wa pili. Dume likatoka msituni katikati yao. Akafyatua. Likakimbia kupanda kilima kuelekea banda la ng'ombe, wakalikuta limelala kwenye mtaro upande wa pili.

"Nilipiga mara moja tu," akasema Duane. "Yeye kapiga mbili, na zote kakosa."

Curt akaruka. "Mimi mbili? Mimi nilipiga moja! Wewe ndiye uliyepiga mbili!"

Nikazikagua bunduki zao. Kila moja imepungukiwa risasi moja.

Nikasema moyoni, ukoo huu kuhesabu mpaka tatu ni shida.

"Mfungue," Duane akaniambia. "Mtoe risasi iliyomuua, sisi tutakubali."

Kisheria kulungu lazima asajiliwe kwa jina la aliyempiga kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Nikawaambia warudi saa tisa. Wakaenda kunywa kahawa, kila mmoja mgahawa wake.

Nikamtundika, nikamchuna.

Tundu moja.

Nikazunguka mara tatu nikitafuta la pili. Hakuna! Moja tu, nyuma ya bega, mahali ambapo ungeweka kidole ukimfundisha mtu. Risasi ilipita kwenye mapafu ikaishia chini ya ngozi upande wa pili. Nikachana, ikaanguka kwenye sinia, ting!

Sasa, risasi ikiingia mwilini mbele huchanua kama uyoga. Ila kitako chake kinabaki na unene uleule kiliotoka nao kiwandani. Nikachukua kipimo changu, nikabana kitako.

Nikafuta miwani. Nikabana tena.

Ilikuwa nene mno. Risasi ile kwenye mtutu wa Duane isingeingia hata ungeisukuma kwa nyundo. Wala kwenye mtutu wa Curt.

Ilikuwa ya thelathini na tano: sehemu thelathini na tano kati ya mia za inchi, na zao hazifiki hata thelathini na moja. Wazee wanaijua, bunduki fupi ya kukoki kwa mkono, risasi nzito, mwendo wa taratibu, presha yake ndogo kuliko zote. Siku hizi hakuna anayeitaka. Duka letu la bunduki linaagiza boksi moja tu kwa mwaka, kwa mteja mmoja.

Na huyo mteja namfahamu vizuri.

Nikapiga simu.

"Shikamoo, Mama Ardis."

"Marahaba, Merle. Umechelewa. Nilidhani utanipigia saa sita."

Jamani, nilikaa chini.

Mama Ardis ni mama yao Duane na Curt. Ana miaka sabini na tisa. Mwezi wa kumi daktari alimpima akamwambia presha yake imepanda, na wanawe wakamkalisha kikao. Mama, mwaka huu usiwinde. Mama, utatupikia tu. Mama, Sikukuu ya Shukrani tutampa bunduki yako binamu yetu wa Minnesota, anapenda vitu vya kale.

Vitu vya kale!

Alifika buchani dakika kumi baadaye, anaendesha mwenyewe, akashuka na sinia la keki ya malenge mkononi. Akamtazama kulungu pale alipotundikwa, akatabasamu kama amemwona mjukuu.

"Kumbe ulikwenda," nikamwambia.

"Leseni nilikata Septemba, kabla ya hao kunipangia maisha. Nilikaa kilimani nyuma ya banda, juu ya ndoo. Wao walifyatua karibu pamoja, mnyama akanijia mbio, akasimama kuangalia nyuma. Nikampiga. Nikaingia ndani kuwasha jiko."

"Na daktari?"

"Daktari alisema nipunguze chumvi na hasira. Kulungu hakumtaja."

Nikacheka mpaka kisu nikakiweka chini. "Sasa mbona hukuwaambia?"

"Nani angeniamini? Wangesema presha imenipanda kichwani." Akakata keki, akanipa kipande. "Halafu nilikuwa nasikia raha, Merle. Tangu asubuhi wanasifia shabaha yangu. 'Nyuma ya bega, safi kabisa!' Kila mmoja anaiita yake. Miaka hamsini hawa watoto hawajawahi kunisifia hivyo."

Kisha akaweka kisu chini. Na aliposema tena, hakuwa anatania.

"Ile bunduki ikiondoka, mimi nitabaki mtu wa kusimuliwa. Watu watakuja jioni wanieleze walivyowinda. Sitaki kusimuliwa, mwanangu. Sijafika huko."

Nikamvutia kiti changu, akakaa.

Saa tisa kamili wakaja. Wakamkuta mama yao amekaa kwenye kiti changu.

"Mama, hapa baridi, utaumwa," akasema Duane.

"Kaa kimya umsikilize Merle."

Nikaweka mezani risasi ya Duane, risasi ya Curt, na ile niliyoitoa. Nikapima moja moja mbele yao. Nikamwachia kipimo Duane apime mwenyewe.

Akapima. Akapima tena. Akakitikisa kipimo.

Curt ndiye aliyeshtuka kwanza. Aligeuka taratibu.

"Mama?"

"Naam."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Kilimani, nyuma yenu. Nawaona wote wawili. Mmoja anatafuna soseji, mwingine anachezea simu."

Curt akahesabu kwenye vidole.

"Ule mlio wa tatu..." Curt akaanza.

"Mimi huyo."

Duane akaweka kipimo chini. "Kwa hiyo mimi nilikosa?"

"Ulikosa, mwanangu," mama yake akasema kwa upole. "Ila ulikosa kwa mbio. Risasi yako ilimkosa haraka kuliko ya mdogo wako."

Curt akaangua kicheko, akashika meza. Mama hakumwacha.

"Na wewe unacheka nini? Ulifyatua kabla hujalenga, ili kaka yako asikutangulie. Ulikuwa unamwinda Duane, si kulungu."

Halafu akaomba bunduki ya Duane. Tukatoka nyuma ya bucha, kwenye tuta la udongo. Akatugeuzia mgongo, akafungua, akafunga, akampa mwanawe. "Piga lile kopo."

Duane akalenga tutani. Akabana pumzi. Akavuta.

Ka!

Hakuna risasi. Mama hakuweka kitu. Lakini sote tuliuona mtutu ukiinama upana wa kiganja, na jicho la Duane likafumba kama mtu anayesubiri kofi. Anajua zile risasi zake zinapiga teke, basi bega lake linakimbia kabla hazijalipuka.

"Umezipiga ngapi kwenye karatasi ya shabaha tangu uzinunue?" mama akamuuliza.

"Mbili."

"Tangu mwezi wa nane?"

Jitu la kilo mia na kumi, limetazama viatu.

Curt ndiye aliyetoa simu amsajili kulungu. Akaandika jina la mama yake herufi moja moja, na nikaona macho yake yanalengwalengwa na machozi.

Duane akakohoa. "Mama, kuhusu ile bunduki na binamu..."

"Ndiyo?"

"Tumeghairi." Akavua kofia. "Mwakani utakaa wapi?"

"Palepale. Ninyi ndio mtafute pa kukaa."

Sasa ningeishia hapo, ingekuwa vizuri. Lakini mimi nina mdomo.

Niliisimulia hii habari kwa kila mteja wa msimu ule. Kila mmoja akaondoka na soseji zake na jambo moja kichwani: thelathini na tano! Risasi nzito ya taratibu! Siri ya wazee!

Kufikia mwezi wa nane uliofuata, wilaya nzima hupati boksi la thelathini na tano. Watu wamezitafuta mpaka Iowa.

Mama Ardis akanivamia bucha. "Merle! Mdomo wako huo! Wamezinunua risasi zangu zote!"

Nikajificha nyuma ya mashine ya kusaga.

Duane akamwazima bunduki yake mpya pamoja na yale maboksi ya presha kubwa, kwa sababu yeye alikuwa amerudia risasi za kawaida na kila Jumapili anapiga karatasi mpaka mkewe analalamika. Mama akaichukua. Wiki sita alikwenda kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, akawafukuza vijana kwenye meza bora, akapiga, akasogeza darubini, akapiga. Alikuja buchani na bega la bluu kwa mateke ya bunduki, anachekelea.

Siku ya ufunguzi, saa mbili asubuhi, mlio mmoja.

Nikamchuna mwenyewe. Tundu moja, nyuma ya bega. Ukiliweka karibu na lile la mwaka uliopita, huwezi kuyatofautisha.

Watu watatu walikuwa kwenye foleni wakiona. Wakatazamana.

"Alitumia nini?" mmoja akaninong'oneza.

"Za presha kubwa," nikasema. Mdomo tena.

Jumatatu rafu ya presha kubwa kwenye duka la bunduki ilikuwa tupu, na wale waliohangaika hadi Iowa wanauza thelathini na tano kwenye mtandao.

Basi mkiniuliza kama hizo risasi zinasaidia, nitawaambia ukweli: zinakwenda mbio zaidi, na kwa mbali sana hazishuki sana kama za kawaida. Ila nimefungua maelfu ya kulungu, na sijamwona aliyekufa kwa sababu ya maandishi ya boksi. Wamekufa kwa pale walipopigwa.

Lakini hilo silo ninalotaka mwondoke nalo. Mnaweza kulisahau.

Ninalotaka ni hili: kabla hujamwambia mzazi wako apumzike, muulize kwanza kama amechoka.